Wakalishaji wa Saranda

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kibanio cha nguo.

Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, vile vya kuanikia, na kilikuwa kimebana mkanda wa kiti ili ubaki umelegea karibu na bega la mama mmoja aliyevaa gauni zuri la kitenge. Juu yake alikuwa amelaza mtandio. Mtu aliyesimama asingekiona. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mlangoni mwa gari nikiangalia kama mkanda wa chini umekaa kwenye nyonga, upepo wa mlimani ukainua mtandio, nikakiona.

Nilimtazama Mama Mendwa. Yeye, niliyekuwa nikifanya naye kazi ya kukalisha abiria, alitazama nilikokuwa natazama, akazunguka upande wa pili, akainama kama mtu anayetaka kusalimia.

"Dada yangu, umesahau kuanua," alisema.

Yule mama alicheka kwa aibu. Mama Mendwa akakibandua kibanio, akamkabidhi mkononi kama anayemrudishia hereni iliyodondoka. Kisha akaanza kazi yake upya, kana kwamba abiria ndiyo kwanza anapanda.

Nataka niieleze kazi hiyo jinsi yeye alivyoifanya, maana wapo wanaodhani sisi wakalishaji tulikuwa tunabana mikanda tu.

Kwanza alimwomba abiria asogee nyuma mpaka makalio yafike mwisho wa kiti, pasibaki pengo. Kisha aliuinua mgongo wa kiti. Watu wengi hupenda kujilaza, yeye aliwaambia, "Kulala ni kitandani, hapa tunakaa." Alikipandisha kiegemeo cha kichwa mpaka kikalingana na utosi, na kama mtu alikuwa amefunga nywele kifundo kisogoni, alimwomba akifumue kwanza, kwa upole, kama shangazi. Halafu mkanda. Aliupitisha wote kwenye vidole kuondoa msokoto. Wa chini aliulaza juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Wa juu aliupitisha katikati ya mfupa wa bega, si shingoni na si kwapani. Mwisho aliuvuta kuondoa ulegevu, akaingiza kiganja kilicholala kati ya mkanda na kifua. Kiganja kikipita kwa kubanwa kidogo, basi. Kama paliweza kupita ngumi, alianza tena.

Na kifungio. Asubuhi za Juni kule mlimani chuma kinakuwa baridi kama maji ya kisima. Mama Mendwa alikishika kwanza mkononi mpaka kipate joto, ndipo akakipeleka kiunoni mwa mtu. Abiria hawakujua. Mimi nilijua, nami nikawa nafanya vilevile.

Viti vyenyewe vilikuwa na akili. Vilijisogeza, vilipima uzito, vilisikiliza pumzi. Lakini havikuweza kutofautisha mfupa wa nyonga na simu iliyofutikwa kwenye pindo la kanga, wala shingo ya mtu na kola ya koti. Ndiyo maana wenye barabara walituweka pale juu ya mlima Saranda, kabla magari hayajaanza kushuka kuelekea Bahi na Dodoma. Magari hayakuwa na dereva. Sisi wa Saranda tuliyaita mayatima.

Mama Mendwa alipomaliza kuvuta mkanda, yule mama alimshika mkono.

"Mama, nilegezee kidogo. Nakuomba."

"Unabana?"

"Haubani. Ni Mwamuzi."

Kila mtu alimjua Mwamuzi. Huo ulikuwa mtambo mmoja uliokuwa ukiyaongoza magari yote ya barabara ile, kila gari likijua jingine liko wapi, kama nyuki wa mzinga mmoja. Hatukuwahi kuuona. Tulisikia tu kwamba uko, na kwamba unaona mpaka ndani ya viti.

"Wanasema anamwonea huruma aliyelegea," yule mama alinong'ona. "Magari mawili yakiwa hatarini, analiponya lenye watu waliofungwa ovyo. Lile lenye watu waliofungwa vizuri ndilo analitoa ligongwe. Kwenye ile ajali ya Bahi si ndivyo ilivyokuwa?"

Mama Mendwa alicheka. "Huruma ya namna hiyo, dada, ikimbie," alisema, akafunga mlango.

Lakini yatima lilipoondoka, alibaki amesimama akilitazama mpaka likapotea kwenye kona. Siku ile hakucheka tena.

*

Injinia Gwalugano alikuwa akija kila wiki kukagua viti. Alikuwa msichana wa Tukuyu, mwenye sauti kubwa na mikono yenye grisi, na alikuwa akila mahindi ya kuchoma hata akiwa amelala chini ya gari. Mama Mendwa alimngoja mpaka alipotoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina jambo la kukuuliza. Usinijibu kwa maneno ya kompyuta."

Akamwuliza habari ya Bahi. Injinia alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Pale kituoni kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akishusha mayai ya Singida, mengine kwenye matrei, mengine ameyajaza tu kwenye ndoo.

"Mama, unaliona lile trei? Unaiona na ile ndoo? Sasa mkokoteni umekatika breki, unakuja. Huwezi kuusimamisha. Unaweza tu kuuelekeza. Utauelekeza wapi?"

"Kwenye trei."

"Kwa nini?"

"Trei limeshika kila yai mahali pake. Litapasuka moja, pengine lisipasuke hata moja. Ndoo ikigongwa ni uji."

"Basi Mwamuzi anafikiri hivyo hivyo. Mtu aliyekaa wima, mkanda umelala kwenye mifupa, kichwa kimeegemea, mwili wake unasimama pamoja na gari. Aliyelegea, gari linasimama, yeye bado anakwenda. Hatima yake ni kioo. Mwamuzi anasoma viti vya magari yote mawili, anajiuliza ni wapi watapona wote. Hapo ndipo anapopeleka kishindo."

"Kwenye trei."

"Kwenye trei."

"Na trei halikuulizwa," alisema Mama Mendwa.

Injinia alisema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mama, kule Bahi hakufa mtu. Hata mmoja. Angechagua lile gari jingine tungezika familia. Mimi niliziona hesabu zake, nikalia kwa furaha. Nimesoma miaka yote ile ili nione kitu kama kile."

"Naamini. Waliogongwa wanajua kwa nini wao?"

"Hapana."

"Na hawa ninaowafunga mimi?"

"Ukiwaambia, watalegeza. Mmoja akilegeza, jirani yake naye atalegeza asije akawa yeye trei. Mwishowe barabara nzima itakuwa ndoo."

"Na nisipowaambia, nitakuwa nawafunga ili wagongwe."

"Unawafunga ili wapone!"

"Yote mawili, mwanangu. Ninyi mnaona hesabu. Mimi naona mtu ananitazama usoni huku mikono yangu iko kiunoni mwake."

Hawakugombana. Injinia alimkatia nusu ya hindi lake, wakala wamesimama. Nilikuwa karibu nikipanga vibao vya kuongeza kimo cha watoto, na sikujua nani kati yao ana haki. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo asubuhi nampa haki Injinia, na jioni nampa Mama Mendwa.

Kesho yake Mama Mendwa alianza kuwaambia watu.

Alimkalisha mtu, akamfunga, akapitisha kiganja, kisha kabla ya kufunga mlango akamweleza yote kwa maneno machache: ukifungwa hivi utapona karibu kila ajali, lakini likitokea la kuchagua, gari lako linaweza kuchaguliwa lipokee kishindo kwa sababu wewe utakihimili. "Nimekufunga nikijua hilo. Na wewe ujue."

Wengine walimtazama kama kichaa. Mzee mmoja wa Itigi alisema, "Kumbe mimi ni shujaa na nimekaa tu! Basi niongezee chai." Kijana mmoja alimwambia anatisha wateja. Na wapo walioshukuru kwa heshima zote, na yatima lilipoanza kujongea tukaona kupitia kioo mikono yao inapanda begani. Muda si mrefu mwenye kibanda cha soda akawa anauza vibanio vya nguo. Vilikuwa vinaning'inia mlangoni kwake vya kila rangi, na pale Saranda hakukuwa na kamba hata moja ya kuanikia.

"Mama Mendwa," nilimwambia siku moja, na ilinichukua asubuhi nzima kulitafuta neno, "si wanalegeza kwa sababu tunawaambia?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa tunamfunga anayefuata."

Wakati ule nililiona jibu hilo fupi mno. Lakini alikwenda kwa anayefuata, akakishika kifungio mkononi kwanza, kama kawaida.

*

Dada yangu Dorika alifika Saranda akitokea Manyoni, mimba yake imekomaa. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na wakunga walimwambia awahi Dodoma kwenye hospitali kubwa kabla uchungu haujaanza. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa nimsindikize. Aliyekuja naye ni mama mkwe wake, Mama Elieza, mwanamke mnene mwenye mdomo, ambaye ukimsalimia anakusaili kwanza ndipo aitikie.

Kwao, mwanamke anayekwenda kujifungua hafungwi kitu. Nywele za Dorika zilikuwa zimefumuliwa zote. Vifungo vya sweta vilikuwa wazi. Hata begi lake Mama Elieza alikuwa amekataza lifungwe zipu, kwa hiyo nguo za mtoto zilikuwa zinadondoka kila hatua, nami nyuma naokota.

Mama Mendwa alimkalisha dada yangu kiti cha nyuma. Alipoushika mkanda, Mama Elieza aliushika upande wa pili.

"Huyu hafungwi."

"Mama, hatufungi tumbo. Mkanda wa chini unapita chini ya tumbo kabisa, hapa kwenye mifupa. Wa juu unapita katikati ya matiti, unazunguka tumbo kwa pembeni. Mtoto haguswi."

"Kufunga ni kufunga. Ukimfunga fundo, na mtoto atafungwa."

"Njoo uone kama ni fundo." Mama Mendwa alimpa kifungio. "Fundo linahitaji kucha na meno. Hili bonyeza kwa kidole."

Mama Elieza akabonyeza, kikafunguka. Akakifunga mwenyewe, akabonyeza tena. Alirudia mara kadhaa kwa uso wa mtu anayechunguza noti bandia.

"Haya, si fundo," alisema bila kupenda.

Ubishi ulikuwa umekwisha. Mama Mendwa angefunga mlango, tukaondoka. Badala yake alichuchumaa mbele ya Dorika akamweleza habari za Mwamuzi, zote, kama alivyowaeleza wengine. Hakupunguza hata neno kwa sababu ya tumbo lile.

Mama Elieza alipiga makofi. "Mmesikia! Mila inasema asifungwe, na mtambo unasema asifungwe. Wewe peke yako ndiye unayetaka kumfunga!"

"Mtambo hausemi asifungwe, mama. Unamhurumia asiyefungwa, pale tu unapopata nafasi ya kuchagua. Tairi letu wenyewe likipasuka, ng'ombe akikatiza, hakuna cha kuchagua. Hapo pana mkanda tu."

"Na wewe unataka kulitoa tumbo la mkwe wangu sadaka kwa ajili ya watu walegevu!"

Niliona Mama Mendwa ameumia. Dorika alikuwa ameweka mikono tumboni. Alinitazama mimi.

"Perisi, wewe kazi hii unaijua. Ungekuwa ni wewe?"

Watu wote walinigeukia. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu wakati huo mtu akiniuliza jambo mbele za watu, huwa natamani ardhi inimeze. Nilitazama mikono yake.

"Ningefunga," nilisema.

"Nifunge," akasema Dorika.

Mama Elieza alihamaki, na hasira yake yote ikamwangukia Mama Mendwa. "Kama ni salama hivyo, panda na wewe! Kiti si kipo? Usitufunge halafu ukabaki huku juu unakunywa chai."

Nilidhani atakataa, alikuwa zamuni. Lakini alivua kizibao cha kazi, akamkabidhi mkalishaji mwenzetu, akapanda mbele na kukaa. Kisha akanitazama, akingoja. Ndipo nikaelewa kwamba ni mimi wa kumkalisha.

Katika muda wote niliofanya naye kazi sikuwahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono. Nilisogeza kiti. Nilipandisha mgongo, nikashusha kiegemeo, kwa sababu kumbe alikuwa mfupi. Akisimama haonekani mfupi. Mfupa wa bega lake ulikuwa umetokeza kama mpini wa jembe, nikaulaza mkanda katikati yake. Kifungio nilikishika mkononi mpaka kikapata joto. Aliona. Alitabasamu dirishani, upande ule ambao alidhani sioni. Nilipitisha kiganja. Baadaye yeye aligeuka akanielekeza, nami nikawafunga Dorika na Mama Elieza, kisha nikajifunga kando ya dada yangu.

Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na yatima lenye baba, mama na mtoto wa kike mdogo aliyekaa mapajani mwa mama yake. Mwenzetu alikuwa amemaliza kuwaeleza kama Mama Mendwa alivyotufundisha sote kueleza, na kiti cha mtoto alikuwa amekiweka tayari. Yule baba alishukuru. "Mungu awabariki kwa ukweli wenu," tulimsikia akisema. Kisha akatoa vibanio mfukoni, akampa mkewe kimoja. Mtoto alibaki mapajani. Sheria ya barabara ilikuwa hivyo: abiria akishaelezwa na akakataa, aondoke kwa hiari yake.

Wakaondoka. Nasi tukafuata.

*

Mlima Saranda unashuka kwa kona, na kila kona unaliona bonde lote chini, la rangi ya majani makavu. Mama Elieza alilalamika njia nzima. "Nimefungwa kama mzigo wa kuni," alisema. "Hata kupiga chafya siwezi." Dorika alicheka, na kucheka kwake kulinipa amani.

Yatima la wale wenye vibanio lilikuwa mbele yetu. Yule mtoto alikuwa amesimama mapajani mwa mama yake, akitutazama kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa ameubandika mdomo kwenye kioo akipuliza mashavu. Nilimpungia mkono kidogo.

Lori la vitunguu lilikuwa likipanda. Halikuwa na dereva nalo. Tairi lake la mbele lilipasuka kwenye kona, mlio kama bunduki, likaacha upande wake na kuingia upande wetu.

Watu husema mambo hayo hutokea ghafla. Mimi niliona kila kitu. Niliona lori linalielekea gari la mbele. Niliona gari lile likirushwa mbele kwa nguvu, kama mtu aliyesukumwa mgongoni, na mtoto akaanguka kutoka kiooni. Lori likapita nyuma yake kwa upana wa mlango. Na gari letu, ambalo lingepona kama la mbele lingeachwa ligongwe, halikukwepa. Lilipunguza mwendo. Likageuka taratibu, kwa adabu, likaweka uso wake mbele ya lori, kama mtu aliyeitwa jina lake. Lilikuwa limechagua kupokea kwa mbele, pale ambapo mikanda inafanya kazi vizuri zaidi. Mikanda ilijikaza yenyewe. Kiti kikanivuta mgongo.

Kisha kishindo.

Kisha kimya, na vitunguu. Vilikuwa vinaviringika barabarani kote, vingine vimeingia ndani kwa kioo kilichovunjika, mpaka mapajani mwetu.

"Nimekufa?" iliuliza sauti ya Mama Elieza.

"Hujafa, mama," nikamwambia.

"Mbona kunanuka kachumbari?"

Dorika alikuwa anahema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. "Anacheza," alisema. "Perisi, anacheza." Nilibonyeza kifungio chake kwa kidole, kikafunguka.

Mama Mendwa alikuwa mbele, amekaa wima vilevile nilivyomkalisha, ila bega moja lilikuwa limeshuka. Mfupa ulikuwa umevunjika, pale pale mkanda ulipopita. Alikuwa mweupe midomoni. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Wa nyuma?"

"Wazima."

"Wa mbele?"

Yule baba alikuwa anatujia mbio, mtoto begani analia, ana jeraha dogo kwenye paji. Kibanio chekundu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kola ya shati lake. Alifika dirishani kwa Mama Mendwa, akasimama. Alikuwa ameelewa. Aliambiwa yote dakika chache zilizopita na mtu ambaye yeye mwenyewe alimtakia baraka, na sasa alikuwa anayatazama.

Ningekuwa mimi, au Mama Elieza, tungemwambia neno ambalo angelibeba mpaka kaburini. Mama Mendwa alinyoosha mkono wake mzima akagusa mguu wa mtoto.

"Analia kwa nguvu. Vizuri," alisema. "Baba, gari jingine likija, mkalishe kwenye kiti chake."

Yule baba alikaa chini barabarani, katikati ya vitunguu, akalia kumzidi mtoto.

*

Dorika alijifungua kwa upasuaji, hospitali ile kubwa. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Dada yangu alikuwa na alama nyeusi iliyopita nyonga hadi nyonga na nyingine iliyoshuka toka begani, na wauguzi wa zamu walikuwa wakija kuiangalia wakisema hawajawahi kuona mkanda uliokaa sawasawa namna ile kwa mama mjamzito.

Siku Mama Mendwa alipokuja kumwona, mkono umefungwa kifuani, Mama Elieza alimpisha kiti. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Alimrekebishia mto nyuma ya mgongo na kumwambia, "Kaa wima, usilale." Tulicheka wote isipokuwa Dorika.

"Mama, nataka kuuliza," Dorika alisema. "Kwa nini sisi?"

"Kwa sababu mlikuwa mmefungwa vizuri."

"Nilijua utasema hivyo. Mimi uliniambia, nikakubali. Lakini huyu?" Alimwinua mtoto kidogo. "Huyu hakuulizwa."

Nilimtazama Mama Mendwa. Angeweza kusema kwamba mtoto yu mzima. Angeweza kusema kwamba yule binti mdogo wa gari la mbele naye yu mzima, kwamba kama tungelegeza sote pangekuwa na msiba. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli, na Injinia Gwalugano, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, alikuwa anayasema kwa macho.

"Hakuulizwa," alisema Mama Mendwa. "Na mimi sina jibu la hilo. Ukinichukia kwa ajili yake, una haki."

Dorika alimkabidhi mtoto, kwenye mkono ule mzima, akamwekea kichwa vizuri kwenye kiwiko.

Bega lilipopona Mama Mendwa alirudi Saranda, na aliendelea kuwaambia watu. Nasikia sasa wenye barabara wameandika maneno yake kwenye kila mlango, na wanabishana kama Mwamuzi abadilishwe, na abadilishwe namna gani. Injinia Gwalugano yumo kwenye mabishano hayo, na kila upande unamwona ni wa upande mwingine. Vibanio bado vinauzwa, ingawa si kama zamani. Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati huo. Sijamwona mwingine aliyeweza kumfunga mtu na kumwacha huru kwa wakati mmoja.

Ila kuna jambo sikulisema siku ile wodini, wala baadaye.

Dada Dorika, wakati lori linaacha upande wake, kabla gari letu halijageuka, nilimwona yule mtoto kiooni na mdomo wake umebanduka. Nilijua wamelegea. Nilijua sisi tumekaza, maana nilipitisha kiganja changu mwenyewe. Na nilisema moyoni, kwa sauti kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuitoa mdomoni: Sisi. Njoo kwetu sisi. Tumbo lako lilikuwa kando yangu, mkono wangu ulikuwa juu yake, na bado nilisema hivyo. Wewe uliulizwa, ukakubali. Mwanao hakuulizwa. Mimi nilimjibia, na nilifurahi gari lilipogeuka.